Mgeni wa Bakulini

Siku ya kwanza alipopelekwa shambani, Mgeni alidhani wanamfanyia mzaha. Alikuwa ameambiwa anakwenda kupogoa mizabibu, lakini mbele yake hapakuwa na mzabibu hata mmoja. Palikuwa na ukungu mweupe uliojaa kwenye shimo la bonde kama maziwa, umetulia tuli, na kwenye kingo zake vichwa vya nguzo vimetokeza kama watu wanaooga ziwani. Mama mkwe wake, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, alimtia mkasi mkononi akamwambia, "Haya, tuingie." Wakaingia. Baridi ilimpanda Mgeni kuanzia vifundoni, ikafika magotini, ikafika kiunoni, kama anayeshuka mtoni, naye bila kujua akabana pumzi.

"Pumua," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Umekuja kuolewa, hukuja kuzama."

Mgeni halikuwa jina lake. Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, huko kwao kwenye nchi tambarare yenye joto, ambako zabibu zilijulikana zile kavu tu za kwenye pakiti. Mumewe alikuwa fundi mapipa, mtu mkimya mwenye harufu ya mbao zilizobabuliwa moto, aliyekwenda kwao kutafuta mbao akarudi na mbao na mke. Mama yake alipomwona mkwewe mlangoni alisema tu, "Karibu, mgeni," na jina likaganda hapo hapo. Walikuja wafanyakazi baada yake, wakazeeka, wakaondoka, nao walikuwa wakimwita Mgeni.

Shamba lile lilipanda mlima kwa ngazi, kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe. Juu kabisa ardhi ilikuwa kokoto tupu. Jua lilizichoma mchana kutwa, na hata lilipokwisha kuzama kokoto ziliendelea kutoa joto kama mafiga yaliyoondolewa sufuria. Zabibu za huko zilikuwa ndogo, nyeusi, ganda nene kama la mtu aliyekulia shida, na ndani sukari tupu. Katikati, upepo wa mlimani ulipita kila alasiri ukiyakausha majani, ndiyo maana huko hakukuwa na maradhi. Maana kwa mzabibu, ukungu wa hewa ukikaa sana huzaa ukungu wa majani, na baba na mwana wamepewa jina moja. Chini kabisa ndiko kulikoitwa Bakulini. Hewa ya baridi ni nzito. Jua likishazama huteremka mlimani kama maji, na pale chini ukuta mrefu wa barabara uliizuia isiende mbele, ikajaa. Jua lilichelewa kufika Bakulini na liliwahi kuondoka. Zabibu za huko ziliiva mwisho, wakati za juu zimekwisha kukamuliwa. Zilikuwa za kijani, ganda jembamba, na zilikuwa chachu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja.

"Sasa zinalimwa za nini, mama?" Mgeni aliuliza alipozionja mara ya kwanza.

"Mvinyo wa zabibu za juu peke yake ni kama mume asiyekasirika," mama mkwe akamjibu. "Mtamu, lakini hujui kama yu hai. Wakiuchanganya na hizi zetu ndipo unasimama kwa miguu yake."

Hakuna aliyetaka kufanya kazi Bakulini. Mama mkwe alifanya huko miaka na miaka peke yake, na mkwewe akapangwa naye, kwani kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgeni alidhani watu wanakimbia baridi.

Hakuchukua muda kujua. Asubuhi moja, ukungu bado umefunga, alikuwa amechuchumaa kwenye shina akichagua tawi la kuacha na la kukata, mara akasikia mwanamume nyuma yake akisema, karibu kabisa, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kijiko kiko wapi? Nimekuuliza kijiko kiko wapi." Mgeni akageuka. Mzabibu, nguzo, waya. Mwanamke akajibu, safari hii upande wa kulia, "Kitafute mwenyewe, una macho." Halafu kikombe kiligongwa juu ya meza. Alikisikia kama kimegongwa mbele ya uso wake.

Alitoka mbio mistari miwili, akamkuta mama mkwe anakata matawi kwa utulivu.

"Mama! Kuna watu."

"Hakuna watu."

"Nimewasikia. Mume na mke. Wanagombana."

"Basi waache wagombane, ndoa ni yao." Mama mkwe akanyoosha mgongo, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sikiliza, mwanangu. Humu utasikia mengi. Sikia, pita. Lakini ukisikia unaitwa, usiitikie. Hata ukiijua sauti. Mtu mzima anayekuhitaji ana miguu. Atakuja asimame mbele yako."

Mgeni hakulala vizuri siku nyingi. Alimwambia mumewe, naye fundi mapipa akakuna kidevu, akasema hata yeye akiwa mtoto alimpelekea mama yake chai huko, akasikia mtu anaimba ndani ya ukungu, akauacha mkate na chai juu ya ukuta akakimbia. "Mama alinichapa kwa ajili ya chai," alisema. "Kuhusu wimbo hakuniuliza."

Aliyewapunguzia hofu alikuwa bwana shamba mpya, kijana mchangamfu aliyekuja na buti kubwa kuliko miguu yake. Aliposikia habari za Bakulini hakucheka. Aliwakusanya wafanyakazi, akawaeleza kwamba sauti ni kama moshi, hupenda kupanda. Lakini asubuhi Bakulini hewa ya baridi imelala chini na hewa ya moto imelala juu yake kama mfuniko. Sauti ikitaka kupanda, inakuta mfuniko, inainama, inarudi chini. Basi maneno yanayosemwa kwenye nyumba za mteremko wa ng'ambo, mbali kabisa, yanateleza juu ya baridi ile na kumwagika Bakulini, mabichi kama yalivyotoka kinywani.

"Tutajaribu," alisema. Kesho yake asubuhi alivuka ng'ambo, akasimama kwenye baraza la nyumba moja, na watu wote wakashuka Bakulini kusikiliza. Kimya. Halafu sauti ya bwana shamba, kana kwamba amesimama kati yao: "Aliyeniibia kofia yangu jana, nimemjua, airudishe." Watu waliangua kicheko mpaka ukungu ukatikisika. Kofia ilirudi mchana ule ule.

Tangu hapo Bakulini pakawa mahali pa starehe. Wanawake walioogopa walianza kutafuta visababu vya kushuka asubuhi. Walijua nani ng'ambo anamsema nani, nani amekula mbegu za kupanda, nani anakoroma. Wifi yake Mgeni, mdogo wa fundi mapipa, mwanamke wa maneno aliyefanya kazi kwenye meza ya kuchambulia zabibu, alisema sasa hana haja ya redio. Mgeni naye alicheka na wenziwe. Aliwatambua hata mume na mke wa kijiko; siku alipokutana nao dukani alijifanya hawajui, akajiuma midomo.

Mama mkwe peke yake hakucheka. "Hizo za ng'ambo nilizijua kabla huyo kijana hajazaliwa," alimwambia Mgeni siku moja wakifunga matawi kwenye waya. "Sizo ninazokukataza kuitikia."

"Zipi basi, mama?"

"Funga hilo tawi, linaning'inia."

Miaka ikaenda. Mgeni alizaa mabinti wawili, akawanyonyesha kwenye kivuli cha ukuta wa barabara. Alijifunza kuujua mzabibu kwa vidole. Ukiukata, baada ya siku kadhaa, joto likianza kurudi ardhini, mzabibu hulia. Maji hutoka kwenye kidonda, tone baada ya tone, na asubuhi tulivu shamba zima husikika likidondoka. Alijua mwaka wa mvua za mapema utaleta zabibu nono zisizo na ladha, na mwaka wa kiangazi kikali utaleta zabibu chache zenye hasira. Alijua kwamba mchana wa joto hutia sukari na usiku wa baridi hulinda ukali, na kwamba pakikosekana kimoja, kingine ni hasara. Alijua pia kukaa na mama mkwe, ambayo ni elimu nyingine. Walikuwa wamezoeana kama mkono na mkono. Siku nzima wangeweza kusema maneno machache, na jioni wakajiona wamezungumza sana.

Mama mkwe alizeeka ghafla, kama watu wengi wa kazi ngumu. Msimu mmoja alikuwa akimtangulia Mgeni mstarini. Msimu uliofuata alikuwa nyuma, anashika nguzo kila baada ya shina. Wakamwambia apumzike nyumbani, akasema nyumbani kuna magonjwa.

Asubuhi moja kabla ya mavuno Mgeni alimsikia anazungumza, mstari wa pili, ndani ya ukungu. Alidhani anajisemea. Akasogeza majani achungulie. Mama mkwe alikuwa amesimama wima, wima kuliko alivyosimama kwa miaka mingi, uso umeelekea ukutani ambako hakukuwa na mtu, anatabasamu kidogo kama anayeitwa mezani.

"Abee," alisema. "Nimesikia. Ngoja nimalize mstari huu."

Mgeni aliachia majani polepole. Bibi yule alimaliza mstari wake, akaufuta mkasi kwa kanga, akaurudisha stoo. Baada ya siku chache aliinama kufunga kiatu chake kizingitini, hakuinuka. Daktari alisema ni moyo. Mgeni aliitikia kwa kichwa. Lile neno "abee" hakumwambia mtu, si mumewe, si wifi yake.

Shamba haliombolezi. Mtu mmoja akipungua mistari haipungui, na kwa kuwa Mgeni peke yake asingeiweza kazi yote ya Bakulini, wifi aliondolewa kwenye meza ya kuchambulia akashushwa kumsaidia Mgeni. Alishuka akilalamika. Mabega yalimuuma, mgongo ulimuuma, ukungu ulimharibia nywele. Lakini alikuwa na mkono mwepesi wa mama yake, na kwa Mgeni kuusikia mkasi wake mstari wa pili ilikuwa faraja.

Halafu ukaja mwaka wa joto.

Haukuja kwa kishindo. Kwanza msimu wa baridi ulipita bila baridi. Majani ya mizabibu, ambayo kila mwaka huwa ya njano, kisha mekundu, kisha yakaanguka, mwaka ule yalibaki mtini, kijani kilichochoka, kama taa iliyosahauliwa inawaka mchana. Mizabibu haikulala. Wakaipogoa hivyo hivyo macho wazi, na haikulia. Kidonda kilikaa kikavu. Machipukizi yakatoka kabla ya wakati, kichala kimoja kimechanua, kingine kimeshika tunda, kingine kimekauka, vyote kwenye tawi moja.

Bakulini hapakujaa tena. Asubuhi walishuka wakiwa wamevaa masweta kwa mazoea, wakayavua kabla ya kufika chini. Hakukuwa na ukungu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mgeni aliliona asubuhi shamba lake lote kwa mara moja, kutoka ukuta hadi ukuta, na akashangaa lilivyo dogo. Na hapakuwa na sauti. Mume na mke wa kijiko walinyamaza. Bwana shamba, ambaye sasa alikuwa na mvi na buti zinazomtosha, alisema ndivyo inavyopaswa kuwa. "Baridi haipo, mfuniko haupo, sauti inapanda inapotea." Alikata zabibu moja, akaitafuna, akaitema. "Tamu," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. Zabibu za Bakulini, ambazo siku zote ziliiva mwisho, mwaka ule ziliiva kwanza. Ziligeuka rangi ya kahawia hafifu, laini, tamu, na ndani yake hakuna kitu. Ndege walikaa juu ya waya wakazitazama, hawakuzigusa. Hata nyigu hawakuja.

Ikawa ni mchana, jua utosini, siku ya kuanza kuvuna. Mgeni na wifi walikuwa kwenye mistari miwili inayofuatana, makreti miguuni, wanakata vichala. Hapakuwa na upepo. Majani yalikuwa yamesimama kama yamechorwa. Wifi alikuwa akisimulia habari ya mwanamke mmoja aliyenunua viatu vya mguu mmoja, akasita katikati ya neno.

Mtu alikuwa anacheka.

Kilikuwa kicheko cha chini, cha kifuani, cha mwanamke mzee asiyependa kucheka ila amezidiwa. Wote wawili walikijua. Wifi aliachia kichala kikaanguka nje ya kreti.

"Mama," alisema kwa midomo tu.

Sauti ilitoka upande wa ukuta, wazi, bila haraka. "Nilikwambia utapazoea," ilisema.

Na sauti nyingine ikajibu: "Kweli, mama. Huku baridi yake nzuri."

Wifi aligeuza shingo taratibu, akamtazama Mgeni kupitia waya, akamtazama mdomo. Mdomo wa Mgeni ulikuwa umefumba. Sauti ile ya pili ilikuwa yake. Ilikuwa na kule kuvuta maneno kwa watu wa nchi tambarare, jambo ambalo wifi alikuwa akimtania nalo tangu harusi.

"Na yule mwingine?" iliuliza sauti ya mama mkwe.

"Wifi? Nimemwacha mstarini. Anajifanya hasikii."

"Mwache amalize."

"Nimemwachia mkasi wangu. Ule wa mpini mwekundu."

Kisha kukawa na mlio wa mkasi, kacha, kacha, mikasi miwili inapokezana, ikienda mbali kidogo kidogo kufuata ukuta, kama wanavyokwenda watu wawili waliozoeana kufanya kazi pamoja. Halafu jua na kimya.

Wifi alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili. Alipoweza kusema, alisema, "Wewe huna mkasi mwekundu."

"Sina."

"Onyesha."

Mgeni akauinua. Mpini wake ulikuwa mweusi, umechakaa mpaka chuma kinaonekana.

"Basi siye wewe," wifi akasema, na papo hapo akaanza kulia. "Wifi, twende zetu. Twende juu. Waje wenyewe wavune zabibu zao hizi za mashetani."

Wakapanda. Wifi alisema ana homa, na kweli mwili ulikuwa unamchemka. Mgeni alimpeleka nyumbani kwake, akamfunika, akakaa naye mpaka usingizi ukamchukua. Fundi mapipa alipoambiwa aliacha nyundo, akakaa juu ya pipa lisilo na mfuniko karibu atumbukie. Yeye, mtu wa maneno machache, alisema tu, "Usirudi huko."

"Zabibu zitaoza."

"Zioze."

Lakini Mgeni hakuwa mtu wa kuacha kreti nusu. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakulijua jina lake, si ujasiri hata kidogo. Lilikuwa zaidi kama hasira ya mtu aliyekuta mtu mwingine amevaa nguo yake. Kesho yake mchana alijipiga moyo konde akashuka peke yake. Alisimama kwenye shina alipokuwa jana. Akangoja. Joto lilicheza juu ya ukuta. Akaanza kukata, kichala, kichala, na alipokuwa katikati ya mstari akasikia anaitwa.

Hakuitwa Mgeni. Aliitwa kwa jina lile zuri alilopewa na wazazi wake, ambalo hapo bondeni halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote, na aliyeliita ni yeye mwenyewe. Liliitwa kwa upole, kama unavyomwita mtoto aliyesinzia garini, umefika nyumbani, shuka.

Neno "abee" lilimjia hadi kwenye ulimi. Alisema baadaye kwamba halikuwa la kuogofya, na hilo ndilo lililomtisha. Lilikuwa kama kupiga chafya, kama ungelizuia lingekuumiza. Aliliuma. Alilimeza. Halafu akaugeukia ukuta, mkono kiunoni, mkasi mkononi, akasema kwa sauti ya mama mwenye nyumba:

"Wewe uliye huko, siitiki. Na kama kweli wewe ni mimi, basi unajua nina kazi, nina mume asiyejua kutenga hata chai, na nina binti mjamzito. Umenisikia? Usiniite tena. Na mama msalimie."

Alimaliza mstari, na mwingine, jasho likimtoka la moto na la baridi. Baadaye wafanyakazi wengine walishuka kumsaidia, wakacheka kumkuta anaimba kwa sauti kubwa wimbo usio na maana ili masikio yake yawe na shughuli.

Mvinyo wa mwaka ule ulikuwa laini na wa kulevya upesi, na hakuna aliyeusifu. Wenye shamba walikaa na bwana shamba, wakaamua: mizabibu ya Bakulini ing'olewe, zabibu chachu zipandwe juu kabisa ya mlima, kupita zile kokoto, ambako baridi ilikuwa imehamia. Trekta ikashuka. Mashina ya umri wa mama mkwe yakatolewa mizizi juu, yakarundikwa, na Mgeni akatazama kutoka barabarani.

Yeye na wifi walihamishiwa shamba jipya la juu, nalo pia limeshikwa na ukuta wa mawe. Siku ya kuanza kupogoa, msimamizi akagawa mikasi mipya kutoka sandukuni. Ilikuwa mizuri, mikali, na mipini yote ilikuwa myekundu.

Wifi aliupokea wake, akauweka chini upesi. Mgeni akaomba ule wake mkongwe, akaambiwa yote ya zamani imeshauzwa kwa chuma chakavu. Basi akaenda kwenye karakana ya mumewe, akachukua utepe mweusi wa fundi umeme, akauzungushia mpini ule, wekundu usionekane hata chembe. Akaufunga na wa wifi. Fundi mapipa alisimama akatazama, kisha bila kuuliza akaleta rangi nyeusi na brashi, akapaka juu ya utepe, mara mbili, kwa uangalifu wa mtu anayeziba pipa.

"Sasa hata shetani aje na miwani," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno wakacheka.

Hivyo wakaishi. Mjukuu akazaliwa, wa kike, mwenye viganja vipana. Mizabibu ya juu ilikubali. Upepo ulikuwa mwingi, baridi ya asubuhi ilikuwa ya kweli, na zabibu zilirudisha ule uchachu wa kumfumba mtu jicho. Lakini wifi hakupona kabisa. Alikuwa na shaka ambayo hakuisema ila kwa namna moja. Kila asubuhi akipanda kazini, akifika kwenye kona ya barabara ambako shamba bado halionekani, huita kwa sauti, "Wifi-i!" Naye Mgeni, ambaye hupenda kutangulia, hujibu kutoka mistarini, "Nipo!" Hapo ndipo wifi hupumua, akaendelea kupanda. Watu walizoea kuwasikia. Waliwaita njiwa.

Siku moja Mgeni aliamka na jino. Lilikuwa limemsumbua wiki nzima, na alfajiri ile shavu lilivimba likawa kama limefichwa ndimu. Kabla jua halijachomoza fundi mapipa alimpakia kwenye gari la kubebea mapipa, wakaenda mjini kwa daktari wa meno, wakashinda huko kwenye foleni. Walirudi alasiri, Mgeni mdomo umejaa pamba, na hakutoka tena nyumbani siku ile.

Kesho yake alikwenda kazini. Alimkuta wifi mapema, amekaa juu ya kreti lililofunikwa, anakunywa chai kutoka kwenye chupa, amechangamka.

"Jana ulinikimbia," wifi alisema. "Nimefika juu sikukuona."

Mgeni alionyesha shavu.

"Najua, wameniambia jioni, pole sana. Uliondoka saa ngapi kwani? Maana nilipofika konani nikakuita, ukaniitikia vizuri kabisa. 'Nipo!' Nikatulia. Kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unaondoka." Akamimina chai kwenye kifuniko, akampa. "Ulitokea njia ya nyuma, au?"

Shamba lilikuwa kimya. Ukungu mwembamba, wa kwanza wa msimu ule, ulikuwa umelala kati ya mistari, haujafika hata magotini. Mgeni alikishika kifuniko cha chai kwa mikono miwili. Alimtazama wifi yake, uso uliopata rangi tena baada ya muda mrefu, akatazama na mikono yake iliyotulia.

"Njia ya nyuma," akasema. "Nilikusikia, nikaitika, nikashuka."

"Nilijua," wifi akasema. Akafunga chupa, akasimama, akajinyoosha mgongo, akachukua mkasi wake mweusi. "Leo mimi nachukua mstari wa ukutani. Wewe na hilo jino lako kaa hapa juani."

Mgeni alikunywa chai upande wa shavu zima. Akasema, "La, wifi. Wa ukutani niachie mimi," akainuka akaenda.